Mlima Elgon, Wanyama Wake na Majirani Zake

(Maneno ya mazungumzo kwa watu wa Kitale, Bungoma na wilaya za jirani)



Mtu asimamaye Kitale asubuhi isiyo na ukungu, akielekeza macho upande wa magharibi, huona mlima mpana uliojilaza juu ya nchi. Mtu asimamaye Bungoma huutazama mlima uo huo upande wa kaskazini. Mlima ni mmoja, lakini majina yake ni mengi. Wamasai waliuita Ol Doinyo Ilgoon, na kutoka jina hilo wageni wakapata neno Elgon. Wagisu wa upande wa Uganda, na Wabukusu walio ndugu zao, huuita Masaba.

Mazungumzo haya yahusu hifadhi ya wanyama na miti iliyo juu ya mlima huo, na yanataka kujibu swali moja tu: ni nani hasa autunzaye mlima? Wengi hujibu upesi kwamba ni Serikali na askari wake wa wanyama. Jibu hilo lina kweli ndani yake, lakini si kweli yote, kama itakavyoonekana.

MLIMA WENYEWE

Elgon ni mlima wa moto uliozimika. Wataalamu wa mawe wasema kwamba ulianza kutapika moto zaidi ya miaka milioni 20 iliyopita, kabla Kilimanjaro na Mlima Kenya havijaonekana duniani. Mahali palipokuwa kinywa cha moto sasa pamebaki bonde kubwa la mviringo, ambalo upana wake ni kama kilomita 8, na kando yake zimesimama kilele baada ya kilele. Kilele kirefu kuliko vyote ni Wagagai, chenye mita 4,321, nacho kimo upande wa Uganda. Upande wa Kenya kuna Koitobos, chenye mita 4,222, ambacho kichwa chake ni bapa kama meza.

Mpaka wa nchi mbili umepita juu ya mlima, kwa hiyo kila nchi ina hifadhi yake. Hifadhi ya Taifa ya upande wa Kenya ilitangazwa mwaka 1968, na eneo lake ni kilomita za mraba 169. Ile ya Uganda ilifuata mwaka 1992, nayo ni kubwa zaidi, yapata kilomita za mraba 1,100. Hata hivyo ndovu hajui mpaka, wala maji hayaombi pasi ya kusafiria. Shirika la UNESCO liliutia mlima katika orodha ya mahali ambapo watu na viumbe vya porini hutazamiwa kuishi pamoja kwa mapatano: upande wa Kenya mwaka 2003, na upande wa Uganda mwaka 2005.

KUTOKA KITALE

Mgeni atakaye kuujua mlima vema, na mwenye nafasi ya saa moja au mbili, yafaa aanze mjini Kitale kwenye jumba la makumbusho. Msingi wa jumba hilo ni vitu alivyokusanya mlowezi mmoja, Luteni Kanali Hugh Stoneham, aliyefariki mwaka 1966. Mtu huyo alipenda sana wadudu, ndege, vitabu na vyombo vya kazi vya wenyeji. Jumba lilifunguliwa kwa watu wote mwaka 1974, nalo lilikuwa la kwanza la namna yake kujengwa bara katika Kenya. Nyuma yake pana kipande cha msitu wa asili kando ya kijito, na njia ya miguu hupita chini ya miti mikubwa. Hapo mgeni aweza kuona jinsi nchi ya Trans Nzoia ilivyokuwa kabla ya majembe ya plau kuigeuza kuwa mashamba ya mahindi.

Kisha barabara hupita Endebess, katikati ya mahindi, mpaka lango la hifadhi liitwalo Chorlim. Safari hiyo haizidi kilomita 30. Mgeni hulipa ada, huandikisha jina lake na kusikiliza maagizo ya askari. Maagizo hayo si maneno ya kupitisha wakati. Nyati wa Elgon hukaa vichakani kimya, na mtu aendaye kwa miguu bila kiongozi aweza kumkuta ghafula kwenye kona ya njia, na hapo hakuna nafasi ya kushauriana.

Ndani ya lango hewa hubadilika. Jua la mashambani hukatwa na miti ambayo watu kumi hawawezi kuikata kwa siku moja hata wakitaka. Kuna mitarakwa, ambayo mbao zake hazipendwi na mchwa. Kuna miti ya podo, ambayo vigogo vyake hupanda moja kwa moja kama nguzo. Na kuna mti mkubwa ambao walowezi waliuita msaji wa Elgon, ingawa si msaji hata kidogo, bali ni wa jamaa ya mzeituni. Juu ya matawi hutembea mbega, nyani wa rangi nyeusi na nyeupe, mwenye mkia wa manyoya marefu. Mbega hana kidole gumba, na chakula chake hasa ni majani, hivyo aweza kumaliza siku nyingi bila kukanyaga chini. Chini yake hupita pongo, funo, kuro na nguruwe mkubwa wa msituni. Chui yupo pia, lakini mgeni amwonaye chui mchana ajihesabu kuwa mtu wa bahati.

MAPANGO YA CHUMVI

Sifa kubwa ya Elgon duniani ni mapango yake. Yako mengi, na yale yajulikanayo zaidi na wageni ni Kitum, Makingeny, Chepnyalil na Ngwarisha. Makingeny ina maji yaangukayo mbele ya mlango wake kama pazia. Kitum imeingia ndani ya mlima kiasi cha mita 200, na ndani yake ni giza tupu.

Joseph Thomson, msafiri wa Kiskoti, alifika sehemu hizo mwaka 1883. Aliwakuta wenyeji wakikaa mapangoni pamoja na ng'ombe wao, na alipoona jinsi kuta zilivyochongwa, alidhani kwamba mapango hayo yalichimbwa na watu wa kale waliotafuta mawe ya thamani. Watu wa kwao waliamini hivyo kwa muda mrefu. Wenyeji wenyewe, Wakony wa jamaa ya Wasabaot, walijua habari nyingine, kwa kuwa walikuwa wakimwona mchimbaji kila mwaka. Mchimbaji huyo ni ndovu.

Sababu yake ni hii. Mvua ya mlimani ni nyingi, nayo huosha udongo na kuchukua chumvichumvi yake mpaka mabondeni. Kwa hiyo majani ya msituni, ingawa ni mabichi na mengi, yamepungukiwa na chumvi, na mnyama mkubwa alaye majani tu hushikwa na hamu yake. Lakini mwamba wa mapangoni ulifanyika kwa majivu ya volkano yaliyoshikamana, na mwamba huo una chumvi ndani yake. Maji hupenya polepole, na yakikauka ukutani huacha chembe nyeupe. Ndovu amezijua chembe hizo tangu zamani sana.

Basi usiku, kundi la ndovu huja kwa mstari mmoja kupitia njia ile ile iliyokanyagwa na mababu zao. Huingia pangoni pamoja na ndama wao. Hawaoni kitu humo ndani. Hupapasa njia kwa mkonga, hatua kwa hatua, juu ya mawe yaliyoanguka. Wafikapo kwenye ukuta mzuri, huutoboa kwa pembe zao, huokota vipande kwa mkonga, huvisaga kwa magego na kuvimeza. Huweza kukaa humo saa nyingi. Ian Redmond, mtaalamu wa Kiingereza aliyeanza kuwachunguza ndovu hao miaka ya 1980, aliwaona na kuwapiga picha wakiwa kazini. Alama za pembe zao zimejaa ukutani kama alama za sururu, na mgeni aweza kuzigusa kwa kidole chake. Kazi hiyo si salama hata kwa mnyama mkubwa: ndani ya Kitum kuna ufa mrefu katika mwamba, na ndama wa ndovu wamewahi kuanguka humo na kufa.

Nyati na pongo nao huenda mapangoni kuramba chumvi. Wakony nao, hapo kale, walichimba mwamba uo huo na kuwapa ng'ombe wao. Hivyo mtu, ng'ombe na ndovu walikula chumvi ya chungu kimoja, na chungu hicho hakikuvunjika.

TAHADHARI YA POPO

Yapasa hapa kusema neno juu ya afya. Mapango ya Elgon yana popo wengi. Mwaka 1980 mtu mmoja kutoka Ufaransa, aliyekuwa akifanya kazi magharibi ya Kenya, alishikwa na ugonjwa mkali baada ya kuzuru Kitum, akafa Nairobi. Mwaka 1987 kijana wa miaka 15 kutoka Denmark naye alizuru pango hilo, akaugua, akafa. Wote wawili walipatwa na ugonjwa uitwao Marburg, uliopewa jina la mji wa Ujerumani ambako ulitambuliwa mara ya kwanza mwaka 1967. Katika miaka iliyofuata, wataalamu waligundua kwamba virusi vya ugonjwa huo hukaa ndani ya popo wakubwa walao matunda, bila kuwadhuru popo wenyewe.

Habari hiyo si ya kumtisha mtu asiende mlimani. Wageni wengi wamezuru mapango wakarudi salama. Lakini ni habari ya kumfanya awe na busara. Asiingie pangoni bila idhini na maagizo ya askari wa hifadhi. Asimguse popo, akiwa hai au amekufa. Asishike kinyesi chake, wala asile chakula humo. Na akipatwa na homa baada ya safari, amwambie mganga wa hospitali waziwazi kwamba aliingia pangoni. Wala si haki kuwaua popo kwa sababu hiyo. Popo ndio wapandao miti mingi ya msitu kwa kuchukua mbegu za matunda mbali, na kuwasumbua huwafanya watawanyike na kukaribia watu zaidi.

JUU KWENYE BARIDI

Apandaye zaidi huacha msitu mkubwa nyuma yake, hupita katika mianzi iliyosongamana, kisha hufika penye vichaka vya mierika vyenye ndevu za kuvu zilizoning'inia, na hatimaye hutokea nyika wazi. Hapo, zaidi ya mita 3,500 juu ya bahari, usiku ni barafu na mchana jua huchoma. Wenyeji husema kwamba huko majira ya mwaka mzima hupita kwa siku moja.

Mimea ya huko imejifunza kuvaa. Kuna mmea uitwao senesio mkubwa, ambao mtu asiyeujua angedhani ni kabichi iliyopandishwa juu ya kigogo, mrefu kupita mtu. Majani yake yanapokufa hayaanguki, bali hushuka na kuzunguka kigogo kama koti zito, na koti hilo huzuia baridi. Jioni majani mabichi hujikunja kuifunika chipukizi iliyo katikati, na asubuhi hufunguka tena. Kuna pia lobelia kubwa, ambayo majani yake yamepangwa kama bakuli. Bakuli hilo hushika maji. Usiku maji ya juu huganda, lakini ya chini hubaki maji, na chipukizi husalimika. Mimea ya jamaa hizo huonekana katika milima mirefu ya Afrika ya Mashariki tu, na kila mlima umejitengenezea namna yake. Senesio ya Elgon haioti Kilimanjaro. Ikipotea Elgon, imepotea duniani.

MAJI YA BUNGOMA NA YA TURKANA

Mtu wa Bungoma aweza kuuliza, "Kabichi ya mlimani yanifaa nini mimi niliye na shamba la mahindi na miwa?" Swali hilo ni la haki, na jibu lake limo katika kisima chake.

Mlima ni kama pipa la mvua, na msitu ni kifuniko chake na bomba lake. Mvua kubwa inyeshapo juu ya miti, haianguki yote kwa nguvu. Hushikwa na majani, na kuvu, na takataka laini zilizolala chini, kisha hupenya ardhini na kutoka polepole katika chemchemi, hata miezi ya kiangazi. Mto Suam huzaliwa ndani ya lile bonde la moto la kale, hushuka kaskazini na kuitwa Turkwel, husukuma mitambo ya umeme penye bwawa la Turkwel, na mwisho hufika Ziwa Turkana katika nchi kame. Koitobos na Kuywa huingia katika Nzoia, na Nzoia hupita nchi ya viwanda vya sukari mpaka Ziwa Victoria. Kwa hiyo Mturkana anyweshaye mbuzi wake, Mbukusu akataye miwa, na mvuvi wa ziwani, wote ni majirani wa Elgon, hata kama hawajapata kuuona kwa karibu.

Na msitu ukiondolewa? Jibu la swali hilo liliandikwa upande wa Uganda. Machi 2010, baada ya mvua nyingi, ubavu wa mlima ulimeguka katika wilaya ya Bududa na kufukia vijiji pamoja na watu wengi waliokuwamo. Wataalamu waliochunguza sehemu hiyo walitaja mambo kadhaa: mvua kupita kiasi, mteremko mkali, aina ya udongo, na miteremko iliyokatwa miti ili kupanda vyakula. Watu hao hawakuwa wavivu wala wajinga. Walikuwa wakulima wengi katika nchi ndogo, wakitafuta pa kulima. Hivyo ndivyo msiba ulivyo mara nyingi: huja kwa njia ya haja, wala si kwa njia ya uovu.

NDOVU WALIVYOPUNGUA

Kuna msemo usemao, usione vyaelea, vimeundwa. Ndovu waonekanao leo wakiingia Kitum ni mabaki ya kundi lililokuwa kubwa zaidi. Katika miaka ya 1970 na 1980, bei ya pembe ilipopanda ulimwenguni, majangili waliingia katika mbuga na misitu yote ya Kenya. Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977, lakini bunduki hazikunyamaza. Na ndovu wa Elgon walikuwa na udhaifu wao wenyewe: jangili hakuhitaji kuwatafuta. Alijua kwamba, wakizuiwa na lolote, lazima siku moja watakuja kwenye chumvi. Alingoja penye njia yao.

Mwaka 1989 mambo yalianza kugeuka. Mataifa yalikubaliana kuzuia biashara ya pembe za ndovu, na katika Kenya sheria ikaunda shirika jipya la kuhudumia wanyama wa porini, ambalo lilianza kazi yake mwaka 1990. Askari wakapewa magari, redio na silaha za kutosha. Baadhi yao wamekufa kazini katika hifadhi za nchi hii, na haifai kuwasahau.

Lakini askari wachache hawawezi kulala katika kila njia ya mlima. Jangili hupita kijijini kabla ya kufika msituni. Hununua unga dukani, huuliza njia, hulala nyumbani mwa mtu. Kijiji kikimkataa, hana mahali pa kuanzia. Kijiji kikimficha, askari mia hawamwoni. Hapo ndipo swali la mwanzo linaporudi: ni nani autunzaye mlima?

HAKI YA JIRANI

Jirani hawezi kutunza kitu ambacho humletea hasara tu. Ndovu akitoka msituni usiku na kuingia katika mahindi yaliyokomaa, kazi ya miezi mitano huisha kabla ya alfajiri. Mkulima huyo akiambiwa kwamba ndovu ni fahari ya taifa, atauliza fahari hiyo itawalipia watoto wake karo kwa njia gani. Sheria ya wanyama wa porini ya mwaka 2013 ilikiri jambo hilo, ikaweka utaratibu wa fidia kwa mtu aliyeuawa au kujeruhiwa na mnyama, na kwa mazao yaliyoharibiwa. Mwenye hasara yampasa aitoe habari upesi, aonyeshe mahali, na asifute alama za miguu. Na wenye kushughulikia madai yawapasa kukumbuka kwamba fidia ichelewayo miaka huwa kama haikutolewa, na humfundisha mkulima kuchukua mkuki.

Njia nyingine imejaribiwa katika sehemu nyingine za Kenya. Wataalamu waliona kwamba ndovu, pamoja na ukubwa wake, humwogopa nyuki, kwa sababu nyuki humuuma ndani ya mkonga na kando ya macho. Katika vijiji vilivyo karibu na Voi, wakulima walitundika mizinga kuzunguka mashamba yao na kuiunganisha kwa waya. Ndovu akigusa waya, mizinga yote hutikisika. Mashamba mengi yalisalimika, na mwenye shamba akavuna asali juu yake. Watu wa Elgon si wageni wa mizinga. Waogiek wa mlima huo walikuwa mabingwa wa nyuki tangu kale.

Na habari za Waogiek hao haziwezi kuachwa, kwa kuwa ndizo ngumu kuliko zote. Wakati wa ukoloni, nchi ya Trans Nzoia ilipogawiwa walowezi, watu wa jamaa ya Wasabaot walisukumwa kutoka tambarare. Waogiek walikaa Chepkitale, nyika ya juu iliyo upande wa Bungoma, wakifuga, wakila asali na kuwinda kidogo. Mwaka 2000 nchi hiyo ya Chepkitale ilitangazwa kuwa hifadhi ya wanyama, nao wakahesabiwa kuwa wavamizi mahali walipozaliwa. Waliondolewa, wakarudi, nyumba zao zikachomwa, wakarudi tena. Walipeleka shauri lao mahakamani badala ya kulipeleka vichakani. Mwaka 2022 Mahakama ya Mazingira na Ardhi ya Bungoma ilitoa hukumu iliyowapa haki, ikisema kwamba tangazo la mwaka 2000 halikuwa halali.

Wako waliohofu kwamba hukumu hiyo itamaliza msitu. Hofu hiyo yafaa ipimwe kwa matendo. Waogiek wa Chepkitale wamejiandikia kanuni zao wenyewe za kutunza nchi, na ndani yake wamekataza uchomaji wa makaa. Wao hawalimi mahindi huko juu, na msitu ukiisha asali yao imekwisha. Ni kweli pia kwamba watu huongezeka, na kanuni zilizowafaa mababu wachache zaweza kulemewa na wajukuu wengi. Basi kazi iliyobaki ni ya pande zote mbili: wenye nchi washike kanuni zao bila upendeleo, na wenye mamlaka wawape msaada na heshima badala ya vitisho. Wapiganapo tembo nyasi huumia, na katika ugomvi wa mlima huu nyasi zilizoumia ni msitu wenyewe.

MFANO WA SAIWA

Anayetaka kuona kwa udogo jinsi ujirani unavyofaa, arudi Kitale, kisha ashike barabara iendayo kaskazini kuelekea Kapenguria. Si mbali na njia hiyo iko Hifadhi ya Taifa ya Saiwa, iliyotangazwa mwaka 1974. Eneo lake halifiki hata kilomita tatu za mraba kamili, nayo ndiyo ndogo kuliko hifadhi zote za taifa katika Kenya. Magari hayaingii. Mgeni hutembea kwa miguu, na juu ya kinamasi hupita kwenye vijia vya mbao mpaka vibanda virefu vya kutazamia.

Hifadhi hiyo iliwekwa kwa ajili ya mnyama mmoja, nzohe. Nzohe ni wa jamaa ya pongo, lakini maisha yake ni ya majini. Kwato zake ni ndefu na hutanuka, hivyo hazizami katika matope yanayomnasa fisi na mbwa. Akiogopa sana, hujitosa majini na kuacha pua yake tu nje, akangoja adui apite. Mgeni mwenye haraka hamwoni. Anayefika alfajiri, akakaa kibandani kimya, humwona akitoka katika matete pole pole. Akikosa nzohe, hakosi karasinga, nyani mwenye ndevu nyeupe kama za mzee, wala korongo taji, wala kulukulu mwenye mabawa mekundu.

Saiwa imezungukwa na mashamba pande zote. Haina nafasi ya kurudi nyuma. Udongo ukiporomoka kutoka shambani, huishia katika kinamasi. Mbolea na dawa zikimwagwa ovyo, hunywewa na nzohe. Kwa hiyo uhai wa hifadhi hiyo hauamuliwi langoni, bali huamuliwa na mkulima wa juu yake: kama amelima kwa kukinga mteremko, kama ameacha majani kando ya kijito, kama amekataa kuchimba mfereji wa kukausha tope ili apate robo ekari ya sukumawiki. Kwamba nzohe angali yupo, zaidi ya miaka 50 tangu hifadhi itangazwe, ni ushahidi kwamba wako majirani wanaoyafanya hayo, ingawa majina yao hayakuandikwa penye lango.

MASHAURI MACHACHE

Wazazi na waalimu wa Kitale, Kimilili, Kapsokwony, Bungoma na Webuye wafanye bidii kuwapeleka watoto mlimani angalau mara moja kabla hawajamaliza shule. Ada ya mwananchi si sawa na ya mgeni wa ng'ambo, na mtoto aliyeona alama za pembe katika ukuta wa Kitum hatasahau somo hilo.

Mkulima aliye mpakani asilime mpaka ukingoni mwa mto, na apande miti yake mwenyewe ya kuni. Sheria ya Misitu ya mwaka 2005 ilifungua njia ya wenyeji kuunda vyama vya kushirikiana na wenye kutunza misitu. Chama cha namna hiyo kina nguvu kuliko mtu mmoja anayelalamika peke yake.

Mgeni naye achukue takataka zake, asivunje mwamba kwa ajili ya ukumbusho, na anunue asali na viazi kwa wenyeji njiani. Shilingi iachwayo kijijini yaweza kumtetea ndovu kuliko hotuba nyingi.

Basi autunzaye mlima ni nani? Ni askari, ndiyo. Na ni hakimu aliyesikiliza shauri, na mfuga nyuki wa Chepkitale, na mkulima wa Endebess aliyetoa habari za ndovu badala ya kumwekea sumu, na mama wa Saiwa aliyeacha matete kando ya kijito chake. Mvua ijayo itaanguka juu ya kazi ya hao wote, na maji yatakayofika Bungoma wakati wa kiangazi yatategemea jinsi walivyoifanya.